Kioo Cheusi Kaloleni: Kadi Mpya, Monita ya Zamani na Historia Iliyo Kati Yao

Najua nimekuwa kimya. Kazi ya kuandika programu ikikubana, hata ukurasa wako mwenyewe unaukwepa kama mtu anayekudai. Lakini wiki mbili zilizopita kuna jambo lilinikuta hapa mtaani, nikaona lazima niliandike. Safari hii si programu. Ni kioo cheusi.

Kisa chenyewe

Binti wa jirani yetu hapa Kaloleni alibisha mlango jioni, saa moja na nusu hivi. "Anko, uko na dakika tano?" Mtu yeyote wa kompyuta anajua kwamba dakika tano za namna hiyo huisha saa sita usiku. Nikachukua bisibisi nikamfuata.

Huyu binti anapiga na kuhariri video za harusi na ruracio. Kompyuta yake ni zile za ofisi za ex-UK ambazo sote tunazijua: nzito, imara, na imeshafanya kazi miaka mingi Ulaya kabla ya kuja kuanza maisha mapya Eastlands. Video za siku hizi zilikuwa zimeanza kuilemea. Basi mama yake akachukua shilingi 9,000 kwenye chama, binti akaenda Luthuli Avenue, akarudi na kadi ya grafiki iliyotumika lakini safi. Kazi ya harusi moja ilitakiwa Jumamosi. Malipo ya kwanza yalikuwa yameshapokelewa na, kusema ukweli, yameshaliwa.

Akaifunga kadi. Feni zikazunguka, taa ya kibodi ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi. Monita ikaandika kwamba haipati ishara, kisha ikalala.

Akarudi kwa muuzaji. Muuzaji akaichomeka kadi kwenye mashine yake mwenyewe, ikawaka vizuri, kisha akaelekeza kidole chini ya risiti, pale penye maneno tunayoyajua wote: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaenda kwa fundi. Fundi akampa adapta ya kuunganisha kebo ya monita na tundu la kadi. Adapta haikuingia. Fundi akachukua koleo, akakata pini nne "zinazozuia". Ikaingia barabara! Kioo bado cheusi.

Nilipofika, mama mtu alikuwa ameshatoa hukumu. "Wametuibia. Na hizo pesa si zangu, ni za chama."

Nawaambia mapema mwisho wa hadithi, kwa sababu siri yake haiko mwishoni. Kadi ilikuwa nzima. Monita ilikuwa nzima. Kompyuta ilikuwa nzima. Tulikuwa na vifaa vitatu vya miaka mitatu tofauti vilivyokuwa vikizungumza bila kusikilizana, na kila kutosikilizana kulikuwa na tarehe yake. Ndiyo maana nasema kuhusu kioo cheusi: usianze kwa kuuliza kitu gani kimekufa. Uliza giza limeanza hatua gani. Ukijua hatua, unajua mwaka. Ukijua mwaka, unajua dawa.

Vioo vya mtaa wetu

Kaloleni yenyewe ni mtaa wa miaka iliyochanganyika. Ulijengwa na manispaa ya Nairobi miaka ya 1940, na wafungwa wa kivita Waitalia walishiriki katika ujenzi. Zilikuwa nyumba za chini, zenye nafasi ya kijani kati yake, za wafanyakazi Waafrika pamoja na familia zao, wakati ambapo makao mengi ya Waafrika mjini yalikuwa ya kitanda cha mwanamume mmoja. Ukumbi wetu wa jamii ulikuwa na mikutano mikali ya siasa miaka ya 1950. Leo nyumba hizo hizo zimeongezwa vyumba vya mabati, dishi juu, mita ya tokeni ukutani. Sisi tumezoea kuishi na vitu vya enzi tofauti chini ya paa moja.

Na giza la kioo si geni kwetu. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka televisheni moja kwa nyumba kumi, na kijana mmoja juu ya paa akishika antena. "Geuza kidogo! Hapo! Usiachilie!" Kisha mwaka 1990 ikaja KTN, kituo cha kwanza cha binafsi nchini, kwenye masafa ya UHF, chaneli 62. Antena iliyokuwa ikinasa KBC kwenye VHF haikuifaa. Watu wengi waliamini televisheni zao ni mbovu. Zilikuwa nzima, zilihitaji antena nyingine. Mafundi wa jua kali waliokuwa wakikunja aluminiamu walikula vizuri mwaka ule.

Ng'ambo ya mpaka giza lilikuwa la sheria. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na Tanzania bara haikupata vituo vyake vya televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo katika eneo letu vioo havikuja kwa mstari ulionyooka. Vilikuja kwa mawimbi, vingi vikiwa vimetumika, kila wimbi na plagi yake. Ukifungua kompyuta yoyote ya Eastlands leo utayakuta mawimbi yote hayo ndani ya kisanduku kimoja.

Haya, turudi kwenye meza ya binti.

Hatua ya kwanza: nani bosi? (1981)

Jambo la kwanza nililofanya ni kuitoa ile kadi kabisa na kurudisha kebo ya monita kwenye tundu la VGA lililo nyuma ya kompyuta, lile la ubao mama wenyewe. Picha ikarudi mara moja. Mama akashusha pumzi. Jaribio hili ni la bure, na linakuambia kwamba monita, kebo, ram na kompyuta vyote viko hai.

Kwa nini kadi ikiwa ndani, tundu hilo linakufa? Kwa sababu mashine haitaki mabosi wawili. Kompyuta nyingi za ofisi zikiona kadi ya grafiki imeingia, zinazima ile ya kuzaliwa nayo. Binti alikuwa ameacha kebo pale pale ilipokuwa siku zote, akingojea picha kwenye mlango uliofungwa. Ukisikia mtu analia kwamba kadi mpya haileti picha, mara nyingi tatizo ni hili.

Tatizo hili lina umri sawa na kompyuta za mezani zenyewe. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwezi Agosti 1981, mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili. MDA ilikuwa ya maandishi tu, safi sana, rangi moja. CGA ilikuwa ya michoro, rangi nne kwenye nukta 320 kwa 200. Ungeweza kufunga zote mbili, lakini kwenye ubao mama kulikuwa na vijiswichi vidogo vya kuieleza mashine ipi ianze kuonyesha. Ukikosea swichi, unakodolea macho kioo kisicho na kitu.

Tena kulikuwa na hatari zaidi. Kadi zote mbili zilikuwa na tundu la umbo moja, la pini tisa, lakini zilizungumza kwa kasi tofauti. Kuichomeka monita ya MDA kwenye kadi isiyo yake kungeweza kuiharibu kabisa. Kwa hiyo tangu mwaka ule wa kwanza kulikuwa na somo ambalo fundi wetu wa koleo hakulipata: plagi kuingia si ushahidi kwamba vifaa vinaelewana.

Hatua ya pili: pini kumi na tano (1987)

Sasa tuliitazama monita. Ni ya kioo bapa, inchi 17, ya mraba-mraba, kutoka ofisi fulani ya zamani. Nyuma ina tundu moja tu la picha, lile la buluu la pini 15. Naam, VGA.

VGA ilikuja mwezi Aprili 1987 pamoja na kompyuta za IBM za PS/2. Badala ya kutuma rangi kwa tarakimu, ilituma umeme wa analogi kwa nyaya tatu: nyekundu, kijani, buluu. Umeme ukipanda kidogo, rangi inang'aa kidogo. Kwa njia hiyo rangi hazikuwa na kikomo cha idadi ya nyaya, na plagi ile ile ikaweza kubeba picha kubwa zaidi na zaidi kwa miaka mingi. IBM yenyewe ilipoteza uongozi wa soko, plagi yake ikabaki. Watengenezaji wengine walipoanza kila mmoja kuongeza ukubwa wa picha kwa njia yake, ikawa vurugu tupu, hadi mwaka 1989 walipounda chama chao cha viwango, VESA.

Kuna jambo moja la VGA ambalo limetuokoa wengi. Kwa miongo kadhaa kila kadi, hata iwe ya kutisha namna gani, ilikubali kuanza kwa lugha hiyo ya zamani: nukta 640 kwa 480, rangi 16. Ndiyo ile sura mbovu yenye herufi kubwa tuliyoizoea kwenye Windows ikianza kwa hali salama. Ni kama Kiswahili cha stendi ya basi. Huenda si lugha ya nyumbani ya mtu yeyote pale, lakini kila mmoja ataelewa gari linakwenda wapi.

Hapa ndipo lile swali la "giza limeanza lini" linapofanya kazi. Ukiona nembo ya mtengenezaji mwanzoni, halafu giza linakuja Windows inapopanda, basi kadi, kebo na monita zinaelewana. Shida iko kwenye draiva au kwenye ukubwa wa picha. Giza likiwa la tangu sekunde ya kwanza, usiguse programu. Shida iko chini zaidi.

La binti lilikuwa la tangu sekunde ya kwanza.

Hatua ya tatu: pini nne za fundi (1999 hadi 2016)

Kadi yake ilikuwa na matundu matatu: HDMI, DisplayPort na DVI. Hakuna VGA. Fundi aliona DVI, akatoa adapta ya DVI kwenda VGA, kifaa cha kawaida kabisa ambacho kimejaa kwenye madroo ya mafundi wote Nairobi. Kwa nini hakikuingia?

DVI ilitoka mwaka 1999, wakati dunia ilikuwa nusu njia. Monita bapa zilikuwa zinaingia na zilitaka dijitali. Monita za chupa zilikuwa bado nyingi na zilitaka analogi. Wahandisi wakafanya plagi ya uungwana: upande mmoja pini za dijitali, upande mwingine pini nne za analogi zikizunguka bapa moja pana. Tundu lenye vyote viwili ni DVI-I. Tundu la dijitali peke yake ni DVI-D, na halina vishimo vile vinne. Adapta ya bei rahisi haibadilishi chochote, haina akili ndani yake. Inachukua tu zile nyaya za analogi na kuzipeleka kwenye plagi ya VGA.

Sasa hesabu mwenyewe. Pini zile nne zinabeba nyekundu, kijani, buluu na ishara ya kupanga mistari. Fundi alipozikata ili adapta iingie, alikata picha yenyewe. Tundu lilikuwa la DVI-D. Lilikosa vishimo kwa sababu kadi haikuwa na analogi ya kutoa. Umbo la plagi lilikuwa likimwambia ukweli, naye akalinyamazisha kwa koleo.

Simlaumu sana. Kwa miaka zaidi ya kumi adapta ile ilifanya kazi karibu kwenye kila kadi. Lakini mwezi Desemba 2010 Intel, AMD na baadhi ya watengenezaji wakubwa wa kompyuta na monita walitangaza kwamba wataachana na VGA kufikia 2015. AMD iliondoa analogi kwenye kadi zake kubwa za R9 290 mwaka 2013. NVIDIA ikaiondoa kwenye familia ya GeForce 10 mwaka 2016. Hakuna aliyepita Kaloleni na kipaza sauti kututangazia. Tulikuja kujua kadi hizo zilipotufikia kama mitumba, miaka mingi baadaye, na monita zetu zikiwa bado za pini 15.

Nikamweleza mama hivi: "Mama, unakumbuka Februari 2015?"

Anakumbuka sana. Mitambo ya analogi ya televisheni ilizimwa Nairobi, na NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili katika ule mvutano wa kuhamia dijitali. Televisheni zote za mtaa zilikuwa nzima siku ile, na nyingi zilionyesha chengachenga. Je, tulizitupa? Hapana. Tulinunua ving'amuzi. Kisanduku kinapokea dijitali kwa upande mmoja na kutoa analogi kwa upande wa pili, na televisheni ya zamani haijui hata kwamba dunia imebadilika.

"Basi hii monita yenu inataka king'amuzi chake." Akaelewa palepale, kuliko wanafunzi wengi niliowahi kufundisha.

King'amuzi hicho kipo. Ni adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani, inayogeuza tarakimu kuwa umeme wa analogi. Asubuhi binti alipanda matatu Jogoo Road hadi Muthurwa, akatembea hadi Luthuli, akaipata kwa chini ya shilingi elfu moja. Tulipoichomeka, nembo ikatokea kwenye kioo. Shangwe! Nyumba nzima ilipiga makofi.

Kisha Windows ikapanda na kioo kikawa cheusi tena. :-)

Hatua ya nne: monita, jitambulishe (1994)

Safari hii monita haikusema haipati ishara. Ilisema imepewa picha iliyo nje ya uwezo wake. Usidharau tofauti hiyo. Ya kwanza inasema "sisikii mtu." Ya pili inasema "nakusikia, lakini unapiga kelele mno."

Zamani kompyuta haikujua monita yako ni ipi. Ilibidi wewe uiambie. Waliotumia Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka kuhariri faili la mipangilio la XFree86 kwa mkono, kujaza masafa ya monita kutoka kwenye kijitabu chake, na lile onyo kwamba tarakimu mbaya zinaweza kuharibu monita ya chupa. Nilijifunza mengi kwa woga ule. Ukisikia monita inalia kama mbu, unazima haraka.

Dawa ilikuwa imeshaandikwa mwaka 1994. VESA ilitoa utaratibu wa monita kujitambulisha: kadi inauliza, monita inajibu kwa kijikaratasi cha baiti 128 kinachoitwa EDID. Ndani yake kuna jina la mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, na ukubwa wa picha ambao monita inaumudu. Kwenye plagi ya VGA mazungumzo hayo hupita kwenye pini mbili, ya 12 na ya 15.

Nikaichomoa kebo ya binti nikaimulika kwa tochi ya simu. Haikuwa kebo ya asili ya monita. Ile ilipotea zamani, hii ilinunuliwa kando ya barabara. Pini ya 9 haikuwepo, na hilo ni jambo la kawaida kwenye kebo za VGA. Lakini ya 12 na ya 15 pia hazikuwepo. Mtengenezaji alikuwa amebana matumizi. Rangi zote zinapita, ila monita imefungwa mdomo. Adapta ilipokosa jibu, ikaiambia kompyuta itume picha ya kukisia, kubwa, ya 1920 kwa 1080. Monita ya 1280 kwa 1024 ikakataa. (Kuna kebo nyingine zina pini zote lakini ndani hazina waya, hizo tochi haizioni. Jaribu tu kebo nyingine.)

Nikaleta kebo nyingine kutoka kwenye sanduku langu la takataka, lile ambalo mke wangu ameapa kulitupa tangu tuoane. Kioo kikawaka. Na hapo binti akasogea karibu, akakunja uso.

"Anko, mbona imekuwa safi hivi?"

Miaka yote hiyo, kwa sababu ya kebo ile bubu, Windows ilikuwa haiijui monita yake, ikampa 1024 kwa 768 ya tahadhari. Alidhani ukungu ule ni uzee wa monita. Alikuwa amehariri harusi za watu kwenye picha iliyovutwa, akikaza macho hadi usiku wa manane, kwa sababu ya pini mbili.

Hatua ya tano: draiva

Hii naipita haraka, kwa sababu siku hizi ni rahisi. Tulifuta draiva ya grafiki ya zamani, tukapakua ya mtengenezaji wa chipu, tukawasha upya, basi. Lakini tusisahau tulikotoka. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti. Ukipoteza CD ya draiva, ulikwenda saiba na diski mkononi, ukilipa kwa dakika, ukiomba Mungu stima isipotee faili likiwa limebaki kidogo. Mafundi wazuri wa enzi zile walijulikana kwa wingi wa CD kwenye pochi zao. Hiyo ndiyo ilikuwa intaneti ya mtaa.

Mengine ambayo hayakutupata, ila yatakupata wewe

Umeme: tundu refu la PCI Express, lililoanza kwenye bao za mwaka 2004 na kuchukua nafasi ya AGP ya 1997, linaipa kadi wati 75 tu. Kadi ya binti ilitosheka na hizo. Kadi kubwa zinataka plagi ya ziada ya pini 6 au 8 kutoka kwenye pawasaplai, na kompyuta nyingi za ofisi hazina plagi hiyo. Bila hiyo, feni inaweza kuzunguka na picha isije.

Lugha ya kuamka: kwa miaka mingi kadi ziliamshwa na BIOS ya zamani. Kisha ikaja UEFI, ambayo inataka kadi iwe na programu ya aina mpya ndani yake. Mwaka 2017 Intel ilitangaza kwamba itaachana na uungaji mkono wa BIOS ya zamani kufikia 2020. Kwa hiyo kadi ya zamani sana inaweza kubaki kimya kwenye kompyuta mpya, na baadhi ya kadi mpya zikakataa kompyuta za zamani. Tafuta kwenye mipangilio kipengele cha CSM kabla hujaita kadi mbovu.

Mpangilio wa kufuata

Mnaopenda kuchapisha na kubandika ukutani, hii hapa:

1. Zima, chomoa umeme, toa kadi, rudisha kebo kwenye ubao mama. Picha ikirudi, kompyuta na monita ni nzima.
2. Rudisha kadi, ikandamize hadi kibanio kibofye, chomeka plagi ya umeme kama inataka.
3. Kebo ya monita iende kwenye kadi, si kwenye ubao mama.
4. Soma maneno ya monita. Haipati ishara, au picha iko nje ya uwezo? Ni magonjwa mawili.
5. Kadi bila analogi na monita ya VGA: nunua adapta yenye chipu. Usikate pini. Narudia, usikate pini.
6. Nembo inaonekana kisha giza: anza kwa hali salama, punguza ukubwa wa picha, safisha draiva. Jaribu kebo nyingine.
7. Giza la tangu mwanzo na vyote hivyo umefanya: umeme, BIOS, kisha ijaribu kadi kwenye mashine ya mtu mwingine.

Mwisho wa yote

Video ilikamilika Ijumaa usiku, ikapelekwa Jumamosi. Jumapili mama alikuja na sahani ya mandazi.

"Kumbe hatukuibiwa."

"Hamkuibiwa, mama. Mlipoteza pini nne tu."

Nimeendelea kuwaza juu ya jambo hili kwa sababu najua ni kadi ngapi nzima zimeuzwa kwa bei ya vyuma, ni monita ngapi zimetupwa, na ni urafiki wangapi kati ya mnunuzi na muuzaji umekufa pale Luthuli kwa sababu ya kioo cheusi. Mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, yamejenga kazi nzima juu ya kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni. Wanajua kifaa cha zamani si kifaa kilichokufa. Windows 10 nayo ilikoma kupata huduma ya kawaida mwezi Oktoba 2025, na ofisi nyingi duniani zimekuwa zikizitoa mashine ambazo haziwezi kupanda toleo jipya. Nyingine zitafika kwetu, zikiwa na plagi zake na historia yake. Tutakaozipokea ni sisi, na monita zetu za pini 15.

Kwa hiyo wekeni kebo zenu za zamani, hata kama wake na waume zenu wanalalamika. Na adapta ile iliyokatwa pini nimeiomba; iko hapa juu ya meza yangu ninapoandika.

Ni hayo tu kwa leo. Tuonane tena, panapo majaliwa na tokeni.